Msusi mzoefu anapotaka kubadili kazi: ajipange lini, na ahamie wapi?

Ndugu wanajamvi,

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wasusi ambao wamekaa kwenye kazi hii kwa muda mrefu, wale waliojifunza wakiwa wasichana, wakapita saluni mbili tatu za Sinza, Kinondoni, Mwenge au Tandika, na leo wako kwenye miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu wakijiuliza watasimama nyuma ya kiti mpaka lini. Nimeifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sasa naifundisha. Anayetaka kuingia kwenye ususi hakosi wa kumwelekeza, lakini anayetaka kusogea mbele baada ya kuchoka huachwa ahangaike peke yake, na jambo hilo linaniuma.

Nitangulize msimamo wangu ili anayepinga apinge mapema. Msusi mzoefu hapaswi kuikimbia fani yake akaanze upya kwenye genge la nyanya au mitumba, kana kwamba miaka yote ile ilikuwa ya bure. Kinachochoka ni mwili, lakini yale anayoyajua kuhusu nywele, ngozi ya kichwa, dawa na tabia za wateja bado ni mtaji, na zipo kazi zinazolipa kwa sababu ya kujua, si kwa idadi ya vichwa ulivyosuka leo. Sharti ni kuanza safari hiyo wakati mikono bado ina nguvu na wateja bado wanakupigia simu, kwa kuwa karibu kila njia nitakayoieleza inahitaji maandalizi marefu, na maandalizi hayo hulipiwa na kazi uliyonayo sasa.

Kwa nini nasisitiza mapema

Rasta ndogo za kushuka mgongoni huchukua saa tano, sita, wakati mwingine nane, na muda wote huo msusi amesimama au ameinama, shingo imepinda, vidole vinarudia mwendo uleule maelfu ya mara. Ndiyo maana wengi wetu tunalalamika kiuno, mishipa ya miguu iliyojitokeza, na ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku akatikise mkono ndipo arudi kulala. Ganzi hiyo mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu kubanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Ikiachwa ikakomaa, misuli ya chini ya dole gumba hudhoofika na mtu hawezi tena kushika nywele nyembamba sawasawa. Anayesubiri hadi hapo ndipo afikirie kazi nyingine atakuwa anahama bila akiba na bila wateja.

Kuna pia suala la kemikali. Dawa nyingi za kulainisha nywele hutumia hidroksidi ya sodiamu au ya kalsiamu, baadhi ya dawa za kunyoosha hutoa formaldehidi hewani pale pasi ya moto inapopita, na rangi nyeusi, ikiwemo ile ya piko inayotumika sana Pwani, huwa na parafenilenediamini ambayo huwasha na kuchubua ngozi za watu wengi. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha tathmini inayoiweka kazi ya utengenezaji nywele na unyozi katika kundi la shughuli ambazo yaelekea zinasababisha saratani, na ushahidi uliopewa uzito ulihusu saratani ya kibofu cha mkojo. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine uliofanywa Marekani kwa wanawake 33,497. Wale ambao hawakuwa wakitumia dawa za kunyoosha nywele walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 1.64 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, na waliozitumia mara kwa mara walikadiriwa asilimia 4.05. Utafiti huo ulihusu wanaopakwa, si wanaopaka, na kuona uhusiano si sawa na kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, mtu anayeshinda kwenye chumba kisicho na dirisha akipaka dawa hizo kila siku ana sababu ya kuuchukulia kwa uzito. Glavu na dirisha lililo wazi ni mambo ya kuanza nayo kesho asubuhi, uwe unahama au huhami.

Sababu ya tatu ni hesabu ya uzeeni, na hii ndiyo ningeomba isomwe mara mbili. Kwa utaratibu wa kawaida wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa hapa Tanzania, pensheni ya uzeeni hudai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Msusi anayeanza kuchangia akiwa na miaka 40 atatimiza miezi hiyo akiwa na 55, na anayeanza na 45 ataitimiza akiwa na 60. Anayesema atafikiria akifika hamsini amekwishachelewa pensheni ya kila mwezi, hata kama bado anaweza kurejeshewa alichochangia. Mfuko unapokea waliojiajiri, kwa hiyo kusema "sina mwajiri" hakutoshi kuwa kikwazo.

Jambo la kwanza ni karatasi

Wasusi wengi tuna ujuzi bila ushahidi wa ujuzi, na mahali pa kuanzia ni hapo.

VETA, mamlaka ya Serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la urasimishaji ujuzi. Mwombaji huonyesha kazi yake kwa vitendo mbele ya watathmini, huulizwa maswali, na akionekana ana pengo mahali fulani hupewa mafunzo mafupi ya kuliziba. Akifuzu hupata cheti. Kwa kawaida pengo letu haliko kwenye kusuka. Liko kwenye nadharia: usafi wa vifaa, kupima ngozi kabla ya dawa, kwa nini dawa kali huvunja nywele, na namna ya kuweka kumbukumbu za mteja. Mambo haya hayamshindi mtu aliyeyaona kwa macho miaka yote, ila inabidi akae chini ayasome.

Ushahidi wa kupeleka kwenye tathmini hukusanywa polepole. Piga picha za kazi zako kabla na baada, kwa ruhusa ya mteja, na uzihifadhi kwa tarehe. Ukiondoka saluni uliyoajiriwa, omba hati ya utumishi, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aitoe ajira inapokoma. Najua hapa wengi watasema kwamba wao hawakuajiriwa, walikuwa "wanakaa kwenye kiti" na kugawana na bosi nusu kwa nusu. Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo: mwingine anampangia saa au namna ya kufanya kazi, anatumia vifaa vya mwingine, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Msusi anayeambiwa afike saa mbili asubuhi, atumie draya ya bosi na asiondoke hadi bosi afunge mlango, hayuko mbali na maelezo hayo. Simshawishi mtu kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kugombana. Nataka ajue kwamba barua inayoeleza alifanya kazi gani na tangu lini ni haki anayoweza kuidai kwa upole na kwa uhakika.

Ualimu wa fani

Njia hii ndiyo niliyoipitia, kwa hiyo naifahamu kwa undani zaidi kuliko nyingine.

Vyuo vya ufundi stadi vya umma na binafsi hufundisha ususi na urembo, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini na vilianza katika miaka ya 1970, hupokea wanawake na vijana wengi wanaotafuta stadi za kujiajiri. Anayetaka kuwa mwalimu kamili wa ufundi stadi huandaliwa katika chuo cha ualimu wa ufundi kilichoko Morogoro, ambacho kiko chini ya VETA, na sifa za kujiunga ni vyema kuziuliza chuoni hapo moja kwa moja badala ya kuzisikia kwa watu. Anayetaka kuanza taratibu anaweza kuanza kama msaidizi wa mafunzo ya vitendo katika chuo binafsi kwa siku mbili tatu za juma, na siku zilizobaki akabaki na wateja wake.

Mabadiliko makubwa kwa fundi anayeingia darasani ni kujifunza kusema anachokifanya. Fundi mzuri hugawa nywele, huzishika na kuzikaza bila kuwaza. Mwanafunzi anahitaji kuambiwa mstari uanzie wapi, vidole vikae vipi, na ukazaji ukomee wapi ili mzizi wa nywele usiumie. Mwenye kipaji asiye na subira huwa mwalimu mbaya. Kwa upande mwingine, nimeona wasusi wa kawaida kabisa, ambao hawakuwahi kupata jina mjini, wakawa walimu bora kuliko mabingwa kwa sababu wao wenyewe walijifunza kwa taabu na wanakumbuka kila hatua.

Hata bila chuo, msusi mwenye saluni yake anaweza kupokea wanafunzi kwa ada. Tunalifanya hili tangu zamani, lakini tunalifanya vibaya: binti anafagia na kuosha vitana miezi minne, halafu anaambiwa amehitimu. Andika mtaala wa kurasa mbili unaosema wiki ya kwanza atajifunza nini, mwezi wa pili atasuka nini, na mwisho atapimwaje. Mzazi anayelipa ada ataona tofauti mara moja na atakuletea mtoto wa jirani.

Kumiliki saluni si kusuka zaidi

Wengi wakisema wanataka kubadili kazi wanamaanisha kufungua saluni yao, na hapo nina neno la tahadhari. Mmiliki anayebaki kuwa msusi mkuu hajabadili kazi. Ameongeza kodi ya pango na umeme juu ya maumivu yaleyale ya kiuno. Tuchukulie mfano tu: chumba cha shilingi 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, hiyo ni 1,800,000 kabla ya draya, mashine ya mvuke, viti, vioo na luku. Ukiwa na wasusi watatu mnaogawana nusu kwa nusu, na kila mmoja akaingiza wastani wa shilingi 20,000 kwa siku kwa siku 26 za mwezi, mauzo yao ni 1,560,000 na sehemu yako ni 780,000. Ondoa pango, umeme, maji, dawa, taulo na mlinzi, kisha utazame kilichobaki. Kinaweza kukutosha, lakini kinategemea wasusi hao watatu wasiondoke, na kazi yako mpya ni hiyo: kuwafanya wabaki, kugawa wateja bila upendeleo, kuandika mapato kila jioni, kununua dawa kabla hazijaisha, na kumtuliza mteja ambaye nywele zake zimekatika. Ni kazi ya uongozi, na ina uchovu wake.

Kuhusu urasimishaji nitasema kwa ufupi. Jina la biashara husajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi hutolewa na TRA (mamlaka ya mapato), na leseni hutoka halmashauri. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka huangukia kwenye mfumo wa makadirio, na mwenye kumbukumbu zilizoandikwa hutazamwa tofauti na asiye nazo, hivyo daftari la kila siku lina thamani ya fedha. Saluni bubu ya uani ni mahali pazuri pa kujijengea wateja wakati mtu anajipanga, ila haikupi karatasi yoyote ya kuonyesha unapotafuta mkopo au zabuni.

Kuhusu mkopo wenyewe, naomba dada zangu wanisikilize. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi na ina mlolongo, lakini haimtoi mtu damu. Vikoba na mchezo wa kupokezana nao umewainua wengi wetu. Kinachoangamiza ni mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake ya kila siku au kila wiki hayasubiri msimu. Biashara ya nywele ina msimu: Desemba, sikukuu za Idi na miezi ya harusi saluni hujaa, na Januari watu wanalipa ada za shule. Deni lisiloijua Januari huondoka na draya.

Mawigi

Kama ningekuwa na mdogo wangu wa miaka thelathini na tano mwenye mgongo unaouma, ningemshauri hapa kwanza. Utengenezaji wa wigi hutumia ujuzi uleule wa mkono, lakini unafanywa mtu akiwa ameketi, kwa saa anazopanga mwenyewe, bila mteja anayemsubiri kwenye kiti. Wigi la kushona mikanda ya nywele juu ya kofia ya wavu, kwa mkono au kwa cherehani, mtu mwenye uzoefu wa kubandika hulijua ndani ya muda mfupi. Kazi ngumu ni lesi ya mbele, ambako unywele mmoja mmoja huchomekwa kwa ndoano ndogo na kufungwa fundo, kisha mstari wa paji la uso hupunguzwa wingi ili uonekane kama nywele zilizoota. Hapo msusi mzoefu anamzidi mgeni wa fani kwa mbali, kwa sababu ameshaona mapaji mengi ya uso na anajua nywele zinavyoota kweli.

Kuna pia kufua, kukarabati na kupaka rangi mawigi yaliyochakaa. Mteja aliyenunua wigi la nywele za binadamu kwa bei kubwa hatalitupa. Atamtafuta wa kulifufua, na kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Upande wa kodi, bajeti ya mwaka 2019/20 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje, jambo lililoonyesha mapema kwamba Serikali inaiona bidhaa hii. Anayekusudia kuzalisha kwa wingi aulize viwango vya sasa TRA kabla ya kupanga bei.

Wateja ambao wasusi wachache wanawafikiria ni wagonjwa. Dawa za saratani huondoa nywele kwa wengi wanaotibiwa, na hapa Dar es Salaam wanawake wanaohudhuria Taasisi ya Saratani Ocean Road wanatoka kila pembe ya nchi. Mwanamke huyo anahitaji wigi jepesi, laini kwa ndani, lisilokwaruza ngozi iliyo nyepesi kuumia, na anahitaji mtu atakayempima kichwa faraghani, kwa heshima, bila kumshangaa. Hiyo ni huduma ya kulipwa kwa haki, na ni kazi ambayo msusi anaweza kuifanya hadi uzeeni.

Utunzaji wa nywele na ngozi ya kichwa

Sisi ndio watu wa kwanza kuona tatizo, mara nyingi kabla mwenye kichwa hajaliona. Nywele za mbele zinazokimbia kwa sababu ya kusuka kwa kukaza huanza na maumivu na vipele vidogo kwenye mstari wa paji, kisha nywele zinapungua. Katika hatua hiyo, mtindo ukibadilishwa na mzigo ukapunguzwa, nywele hurudi. Ikiendelea kwa miaka, mashimo ya nywele hufungwa na kovu na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Upara unaoanzia utosini kwa wanawake ni tatizo jingine lenye kovu, na huhitaji daktari mapema. Mapunye ya watoto huambukizwa kwa vitana na mashine zisizosafishwa, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza, si ya kupaka pekee.

Msusi aliyejifunza kutofautisha mambo haya anaweza kutoza fedha kwa ushauri: anakagua, anaandika historia ya dawa na mitindo, anapanga utunzaji wa miezi sita, na anajua lini aseme "hili si langu, nenda kwa daktari wa ngozi." Nchi yetu ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wako kwenye hospitali nyingi za mikoa. Jenga uhusiano na mmoja wao. Wewe unampelekea wagonjwa mapema, naye anakurudishia wateja wanaohitaji utunzaji wa muda mrefu. Onyo langu ni kwamba msusi asijiite daktari wala asiuze dawa za hospitali.

Hapa inaingia pia biashara ya mafuta na bidhaa za nywele, ambayo kila mtu anaitamani. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS, shirika la viwango, na bidhaa pamoja na mahali zinapotengenezwa hutakiwa kusajiliwa. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya usindikaji na huwasaidia wajasiriamali wadogo kufika kwenye hatua hiyo. Ushauri wa kiufundi ambao nisingependa uupite: anza na mafuta matupu yasiyo na maji, kama nazi, ubuyu au parachichi, kwa kuwa mara unapoweka maji kwenye bidhaa, bakteria na ukungu hupata mahali pa kuishi, na unahitaji kihifadhi sahihi kwa kipimo sahihi. Krimu ya jikoni inayonukia vizuri wiki ya kwanza inaweza kuwa imeoza ikiwa bado kabatini kwa mteja.

Nyongeza: majibu kwa walioniuliza

Mmoja ameuliza kuhusu kwenda Oman au Dubai kufanya kazi saluni. Sipingi, maana wapo waliorudi na mtaji wa kweli. Lakini tuelewe kwamba huko mtu anabadili mahali, habadili kazi. Mikono ni ileile. Anayekwenda apitie TaESA, wakala wa Serikali wa huduma za ajira, au wakala mwenye leseni, asome mkataba unaotaja kazi ya saluni kwa maandishi, na ahakikishe viza yake si ya kazi za ndani, kwa sababu aina ya viza ndiyo itakayoamua anaweza kulalamika wapi mambo yakiharibika. Aende na lengo la kiasi fulani na mwaka fulani wa kurudi, na NSSF yake ya hiari iendelee kulipwa akiwa huko.

Dada wa Mombasa ameuliza kama haya yanamhusu. Kwa Kenya, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya huko, hupimwa kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, na msusi aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya bila kupitia chuo. Ukiwa na uzoefu mrefu usiridhike na daraja la tatu; panda, kwa sababu milango ya kufundisha inafunguka juu.

Mwingine ameandika, kwa uchungu, kwamba yeye ana miaka 48, hakumaliza shule, ana watoto wawili sekondari, na kwamba yote haya ni ya wenye nafasi. Ndugu yangu, nimeyasoma maneno yako kwa makini na nisingependa kukujibu kwa maneno matamu. Pensheni kamili ya miezi 180 kwako ni ngumu, ingawa kuchangia bado kuna faida. Chuo cha ualimu huenda kisikufae. Lakini mambo matatu yako ndani ya uwezo wako mwaka huu. La kwanza, acha kusuka rasta ndogo peke yako. Gawana kichwa na binti mmoja unayemfundisha, mmalize kwa nusu ya muda, na uchukue wateja wa kuosha, kutunza na kubandika ambao hawakukunji mgongo saa nane. La pili, anza kufua na kukarabati mawigi nyumbani jioni, ukianza na wateja unaowajua kwa majina. La tatu, nenda kwenye ofisi ya chuo cha VETA kilicho karibu nawe, uulize dirisha la urasimishaji ujuzi wa fani ya ususi litafunguliwa lini, ada ni kiasi gani na kama kuna ufadhili wa Serikali kwa kipindi hicho. Nenda na kitambulisho cha taifa, picha za kazi zako, na barua ya mwenye saluni uliyofanya naye kazi muda mrefu zaidi. Kama hana uwezo wa kuiandika, iandike wewe aisome na kuisaini. Ukikwama kwenye kuandika barua hiyo, weka rasimu hapa kwenye uzi, tutaisahihisha pamoja.